Azma Isiyokatiwa Ngwe

ANAYESAFIRI kutoka Korogwe kwenda Handeni, mwendo wa kilomita zipatazo 65, akitupa macho pande zote mbili za barabara atakiona kitu ambacho wenyeji wamekwisha kukizoea hata hawakioni tena. Kando ya nyumba zinazokaliwa, na pengine mbele yake, iko misingi ya nyumba nyingine. Mawe yamepangwa, nondo zimesimama zikiota kutu, na katikati pameota nyasi na mitunguja. Mingine imepanda hadi usawa wa madirisha ikakoma hapo. Matofali yaliyofyatuliwa kwa jasho yamerudi kuwa udongo kwa mvua za masika mawili matatu. Ukiuliza Sindeni au Misima, utaambiwa kuwa kila msingi una mwenyewe, naye yu hai, ana siha yake, na siku alipochimba aliwaita majirani wakasoma Fatiha na kula ubwabwa.

Ndugu Muislamu, simtaji mwenye msingi ili nimcheke. Ukata upo, mvua hukosekana, watoto huugua, na fedha ya saruji ikaenda hospitali. Nimeutaja kwa kuwa msingi wa mawe unaonekana na kila mpita njia. Iko misingi mingine isiyoonekana, na hiyo ndiyo mingi zaidi. Yuko kijana aliyekusudia kuihifadhi Qur'ani akaishia Suratul Mulk. Yuko mama aliyenuia Hija mtoto wake wa kwanza alipoanza darasa la kwanza, na sasa mtoto huyo ana watoto wake. Yuko baba aliyesema ataacha sigara Ramadhani ikiandama, akaacha kweli siku 29, na alfajiri ya Idi akaomba kiberiti. Mwezi wa Ramadhani huzaa azma nyingi kuliko miezi mingine yote 11. Ikifika Mfunguo Nne, safu za Alfajiri katika misikiti yetu hutuonyesha zimekwenda wapi.

Sisi waadhi tumezoea kulieleza jambo hili kwa neno moja: uvivu. Tukitaka kulikuza husema ni udhaifu wa imani. Maelezo hayo hayanitoshi. Mtu mvivu hachimbi msingi. Aliyekaa siku tatu na sururu juani alikuwa na nguvu, na aliyehifadhi juzuu moja na nusu alikuwa na akili ya kuhifadhi mbili. Watu wa mitaani wana usemi wao wa kuchekesha, nao ni wa kweli: wanamwita mtu wa namna hii mwenye nguvu za soda. Soda haina uvivu. Ikifunguliwa hupanda yote kwa mara moja, na hapo ndipo inapomalizikia.

Kasoro, kwa maoni yangu, iko katika kipimo, na hili si jambo jipya. Lilitokea Madina, ndani ya msikiti wenyewe.

Anas bin Malik (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia msikitini akaiona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza ni ya nini. Akaambiwa ni kamba ya Zaynab. Akisimama katika swala akachoka, huishika ili asianguke. Mtume (S.A.W.) hakuisifu kamba ile. Aliamuru ifunguliwe, akaelekeza kwamba mtu aswali wakati ana nguvu na uchangamfu, na akichoka akae. Tazama hali hiyo vizuri. Huyu si mtu wa kawaida, ni mmoja wa mama wa Waumini, na analotaka kulitimiza ni ibada. Hata hivyo kamba ilifunguliwa. Tukaja sisi wa leo, tukiwa na mashamba ya mkonge na kamba za kila unene, tukaifunga upya.

Kisa cha pili ni kirefu zaidi, na ningependa kila nyumba yenye kijana ikijue. Abdullah bin Amr bin al-Aas (R.A.) alikuwa kijana mwenye himma isiyo kifani. Alifunga kila siku na kuisoma Qur'ani yote kila usiku. Baba yake alimwoza mke wa nyumba yenye heshima, kisha akawa anamuuliza mkwewe hali ya mumewe. Mke akajibu kwa adabu kubwa kwamba mume ni mwema, ila tangu aje kwake hajawahi kukanyaga kitanda. Habari zikamfikia Mtume (S.A.W.). Akamwita kijana, akamwambia afunge siku tatu katika kila mwezi na aikhitimishe Qur'ani mara moja kwa mwezi. Kijana akasema anaweza zaidi. Akaongezewa kidogo. Akasema anaweza zaidi. Waliendelea hivyo mpaka wakafika kwenye saumu ya Nabii Daud (A.S.), yaani kufunga siku moja na kula siku moja, na khitma moja kwa siku saba. Katika mazungumzo hayo hayo Mtume (S.A.W.) alimtahadharisha asije akawa kama mtu fulani aliyekuwa akisimama usiku kuswali, kisha akaacha.

Miaka ikapita. Abdullah akazeeka, mifupa ikalegea. Ndipo akawa anasema laiti angeikubali ile ruhusa ya mwanzo. Lakini hakuliacha jambo alilokuwa nalo siku Mtume (S.A.W.) alipofariki. Alifanya nini? Ile sehemu ya Qur'ani aliyokusudia kuisoma usiku aliipitia kwanza mchana mbele ya watu wa nyumbani mwake, ili usiku imwie nyepesi. Na alipohitaji nguvu, alikula siku kadhaa mfululizo, akazihesabu, kisha akazifunga kwa idadi ile ile. Mzee yule alizigawa siku zake kama mkulima anavyoligawa shamba.

Ngwe na kipande

Kiswahili kina neno zuri kwa jambo hili, na vijana wa mjini wanalisahau. Neno hilo ni ngwe. Ni kile kipande cha shamba mtu anachopimiwa alime, akimaliza aweke jembe chini. Kamba nyembamba huitwa ugwe, na wingi wake nao ni ngwe. Kamba ya kupimia na kipande kilichopimwa ni jina moja. Mkulima wa Handeni hasemi kwamba leo atalima ekari tatu. Hukata ngwe, akamaliza, akaenda kuoga. Kesho hukata nyingine. Shamba la ekari tatu halimtishi kwa sababu hata siku moja hasimami mbele ya ekari tatu. Husimama mbele ya ngwe.

Watu wa Korogwe wana kumbukumbu nyingine ya kazi ya kupimiwa, na hii ni chungu. Mwaka 1907 serikali ya Wajerumani ilianzisha huko Usambara kadi ya kazi, ikamlazimisha mtu kuwafanyia walowezi kazi ya siku 30 katika kila miezi minne. Baadaye mashamba ya mkonge yakadumu kwa miaka mingi na kipande cha siku 30: kila siku mtu akimaliza kazi aliyopimiwa hutiwa alama, na kadi ikijaa ndipo hulipwa. Ilikuwa kanuni ya kumnyonya mtu, wala hakuna mwenye akili atakayeitamani irudi. Ila nimekuwa nikijiuliza: kama babu zetu walimaliza vipande 30 kwa ajili ya katani ya mtu mwingine, inakuwaje mjukuu ashindwe kumaliza vipande 30 kwa ajili ya nafsi yake? Jibu moja ni kwamba babu alijua kila asubuhi kazi yake ya siku hiyo inaanzia wapi na inakomea wapi. Mjukuu anajua tu kwamba anataka kufanikiwa.

Hata ile reli inayopita Korogwe ina somo hilo. Kampuni ya Kijerumani ilianza kuijenga Tanga mwaka 1893 ikiwa na ndoto kubwa ya kuingia bara. Mwaka 1896 ilikuwa imefika Muheza tu, kiasi cha kilomita 40, na fedha zikaisha. Mwaka 1899 serikali yao ikaichukua kazi hiyo, ikaiendeleza kituo kwa kituo: Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Waliobeba mataruma hayo hawakuulizwa kama wanataka reli. Hilo nalo lisisahaulike.

Uzi uliosokotwa ukakatwa

Katika Suratun Nahl, aya ya 92, Mwenyezi Mungu (S.W.) anatukataza tusiwe kama mwanamke aliyeusokota uzi wake ukawa madhubuti, kisha akaufumua vipande vipande. Aya hiyo inahusu hasa ahadi na viapo, na si haki kuiondoa mahali pake. Lakini mfano wake unaeleweka na kila aliyewahi kuona katani ikisokotwa. Hasara ya mwanamke yule ni mara mbili: uzi hana, na siku alizousokota hazirudi.

Nchi yetu yenyewe imewahi kuwa mwanamke yule. Sensa ya 1967 ilikuta kwamba watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa ya jioni yakafunguliwa vijijini kote, chini ya miembe na katika baraza za shule. Wazee walioweza kusoma msahafu lakini hawakuwahi kusoma barua ya mtoto wao wakakaa kwenye madawati ya wajukuu. Mwaka 1975 wasiojua kusoma wakawa 39 katika kila 100, na mwaka 1986 wakahesabiwa kuwa 10 hivi. Dunia ikatushangilia. Kisha taa za karabai zikazimika, walimu wa kujitolea wakachoka, vitabu vikaliwa na mchwa. Sensa ya 2002 ikakuta watu wazima kama 30 katika kila 100 hawajui. Vipimo vya miaka hiyo havikuwa sawasawa, na mtu wa takwimu atanirekebisha hapa na pale, lakini mwelekeo wenyewe haufichiki. Aliyejifunza herufi mwaka 1974, akakaa miaka 20 bila gazeti wala kitabu mkononi, herufi zilimkimbia. Kampeni ilipewa nguvu zote za mwanzo, na hakuna aliyewapimia wale wanafunzi ngwe ya kusoma baada ya cheti.

Ndiyo maana hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) ni msingi wa somo hili zima: kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumishwa, hata ikiwa ndogo. Wengi huinukuu ili kujipa ruhusa ya kufanya kidogo. Lakini uzito wake uko katika kudumisha. Kidogo kimetajwa kwa kuwa ndicho mtu anachoweza kukifanya hata siku mbaya. Mwenye kupanga azma hupanga akiwa katika siku nzuri: ameshiba, hana deni, hotuba ya Ijumaa imemgusa. Basi apime kwa siku ya homa, siku ya palizi, siku ya msiba kwa shemeji. Kiasi atakachoweza siku hiyo ndicho ngwe yake. Siku nzuri zikija, ziada ni fadhila.

Tuchukue mfano wa Qur'ani, maana ndiyo azma ninayoisikia zaidi kwa vijana na, siku hizi, kwa akina mama waliomaliza kulea. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604, na ukurasa uliojaa una mistari 15. Juzuu ya Amma ina sura 37 katika kurasa 23, yaani mistari isiyozidi 345. Mwenye kuhifadhi mistari miwili kila siku ataimaliza kabla ya miezi sita kutimia. Mwenye kuchukua mistari mitatu kwa siku na asirudi nyuma ataumaliza msahafu wote kwa miaka minane na kitu. Utasema miaka minane ni mingi. Lakini miaka hiyo itapita tu, uwe umehifadhi au hukuhifadhi. Isitoshe, Qur'ani yenyewe iliteremshwa kwa muda wa miaka ipatayo 23, na makafiri walipouliza kwa nini isiteremke yote kwa mara moja, walijibiwa katika Suratul Furqan kwamba ni ili moyo wa Mtume (S.A.W.) uthibitishwe kwayo.

Kisha azma ipewe mahali na saa. Neno "nitasoma" halina miguu. Neno "nikitoa salamu ya Alfajiri, kabla sijainuka, nitasoma nusu ukurasa" lina miguu. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 juu ya tofauti hii, akaonyesha kwamba anayeamua mapema lini, wapi na vipi hutekeleza zaidi ya yule anayekusudia tu. Muislamu hana haja ya kwenda mbali kutafuta saa hizo. Swala tano ni vigingi vitano vilivyokwisha kuchomekwa katika siku yake. Afunge azma yake kwenye kimojawapo, na neno la Kiswahili la kile kitakachofungwa hapo analo tangu utotoni: uradi.

Hapa niseme neno juu ya Inshaallah. Tumeamrishwa katika Suratul Kahf tusiseme tutafanya jambo kesho bila kuliambatanisha na matakwa ya Mwenyezi Mungu. Ni adabu ya mja kwa Mola wake. Lakini katika mazungumzo yetu Inshaallah imegeuzwa kuwa hapana ya heshima. Fundi akikwambia Inshaallah Jumamosi, unajua Jumamosi haji. Neno tukufu kama hilo kulifanya pazia la ajizi ni kulikosea heshima. Katika Aal Imran, aya ya 159, mpangilio uko wazi: kwanza azma, kisha tawakkul.

Fedha ya Hija

Swali hili niliulizwa na mama mmoja katika darasa la akina mama mjini Korogwe. Alisema: "Sheikh, naweka fedha ya Hija kidogo kidogo kutoka kwenye biashara yangu ya matunda. Baba watoto akiitaka kwa ajili ya mbolea, nikamnyima, nina dhambi?" Akina mama wengine wakainamisha nyuso. Nilitambua kuwa ameuliza kwa niaba ya wengi.

Nilimjibu: "Bibi, hapana, huna dhambi." Mali ya mke ni yake. Mahari yake ni yake, faida ya biashara yake ni yake, na nyumba kuilisha ni juu ya mume. Akitoa kwa hiari yake amefanya wema na ana ujira. Akikopesha, deni ni deni, na mume analipa kama anavyomlipa mwenye duka. Kumnunia mpaka atoe si hiari. Nimewasikia wanaume wakilalamika kwamba wanawake hawana msimamo, leo wanaanza vikoba, kesho wamejitoa. Baadhi yao wakumbuke ni nani aliyelifungua sanduku la vikoba. Azma nyingi katika nyumba zetu zimevunjwa na mtu wa pili, anayehesabu kwamba lengo la mwenzake linaweza kungoja wakati wote. Binti anayejiandaa kurudia mtihani huambiwa mara tatu jioni moja aache daftari akateke maji. Kaka yake anayeangalia mpira haitwi. Baada ya matokeo huambiwa hakutia bidii.

Ama Hija yenyewe, ni wajibu kwa mwenye uwezo, na asiyekuwa nao hana lawama. Lakini uwezo kwa wengi wetu haushuki kutoka mbinguni kwa siku moja. Shilingi 2,000 kila siku kwa miaka 10 ni shilingi 7,300,000. Mkulima wa mahindi hana shilingi ya kila siku, kwa hiyo ngwe yake ni ya msimu: gunia moja katika kila magunia 10, liuzwe siku hiyo hiyo ya kuvuna na fedha yake iondoke nyumbani. Malaysia walilitambua tatizo hili mapema. Watu wa vijijini walikuwa wakificha fedha ndani ya nyumba, au wakiuza mashamba na mifugo ili waende Makka, kisha wakarudi wakiwa mahujaji masikini. Mwaka 1959 mchumi Ungku Aziz akapendekeza mfuko wa kuweka akiba ya Hija usio na riba, na mwaka 1963 ukaanza kazi. Leo unajulikana kwa jina la Tabung Haji. Sisi vikundi vya kuwekeana akiba tunavijua vizuri, na sioni kwa nini msikiti wa mtaa usiwe na daftari lake la namna hiyo, likiwa na mashahidi wawili na hesabu inayosomwa wazi kila mwezi.

Mwenye akiba hiyo asisahau zaka. Ikifikia nisabu, ambayo kwa dhahabu ni gramu 85, na ikapitiwa na mwaka wa Hijria, hutolewa asilimia mbili na nusu hata kama imewekwa kwa nia ya Hija.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ndilo linaloua azma nyingi kuliko ukubwa wake. Nalo ni siku ya kwanza ya kukosa. Mtu amesoma uradi wake siku 40, ya 41 akalala. Asubuhi shetani hamwambii aache. Anamwambia kwamba mlolongo umekatika, bora aanze upya mwezi ujao kwa nguvu. Mwezi ujao ukifika, ameshasahau.

Sheria haikuliacha jambo hili wazi. Sayyidna Umar (R.A.) amepokea kwamba aliyelala akakosa uradi wake wa usiku, kisha akausoma baina ya Alfajiri na Adhuhuri, huandikiwa kama kwamba ameusoma usiku. Na Mtume (S.A.W.) mwenyewe, usingizi au maradhi yakimzuia kisimamo cha usiku, aliswali mchana rakaa 12. Maana yake pengo lina mahali pa kuzibwa, tena siku hiyo hiyo. Watafiti wa London wakiongozwa na Phillippa Lally waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, wakachapisha matokeo yao mwaka 2010. Walikadiria kwamba jambo jipya huchukua siku 66 kwa wastani mpaka liwe mazoea, wengine siku 18, wengine hata 254. Na waliona kwamba kukosa mara moja hakukuharibu kitu kikubwa. Mwenye kutegemea kuwa mazoea yatamjia kwa wiki mbili ataona amefeli, kumbe hajafika hata robo ya njia.

Mkonge wenyewe uliingia nchini kwa namna ya kukatisha tamaa. Mtaalamu wa Kijerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ilipofika mwaka 1893, iliyokuwa hai ni 62. Miche 938 ilikuwa imekufa. Ile 62 ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ikatunzwa, ikazaa miche mingine, na mwaka 1898 ikahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Mwaka 1964 mashamba ya nchi hii yalitoa zaidi ya tani 230,000 za katani. Yaliyowapata waliozikata tumekwisha kuyagusia.

Simaanishi kwamba kila lengo lishikiliwe mpaka kufa. Yako malengo yanayostahili kuachwa. Aliyeapa kutomsemesha ndugu yake mpaka urithi wa shamba umalizike, alivunje azma yake leo. Imepokewa kutoka kwa Abdurrahman bin Samura (R.A.) kwamba mwenye kuapa juu ya jambo kisha akaona lingine lililo bora, alifanye lile bora na atoe kafara ya kiapo chake: kuwalisha masikini 10 au kuwavisha, na asiyeweza afunge siku tatu. Vile vile msingi wa vyumba sita uliochimbwa kwa ajili ya macho ya majirani unaweza kupunguzwa ukawa wa vyumba viwili vyenye bati. Hakuna fedheha katika kuhamia.

Na yako malengo ambayo mwenyewe hatayamaliza hata akidumu. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937, alianza kuifasiri Qur'ani kwa Kiswahili. Mauti yakamkuta mwaka 1947 kazi ikiwa bado mbali. Alichokwisha kukiandika kilihifadhiwa na kuchapishwa na waliobaki nyuma yake. Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1912, alikuwa mwalimu wa shule kabla hajahamia Kenya na kuwa naye Kadhi Mkuu. Tafsiri yake aliitoa sehemu kwa sehemu tangu miaka ya 1950, huku akifundisha mchana na kusomesha darasa msikitini, na mwaka 1969 ikatoka nzima huko Nairobi kwa jina la Qurani Takatifu. Imo katika nyumba nyingi za Handeni na Korogwe, na katika nyingi ya hizo iko juu ya kabati, imefungwa kwa kitambaa safi.